Meno ya Kaporali Blanchard

4 Agosti

Mvua imeanza kwa hasira. Usiku kucha bati linapigwa, na asubuhi, nikisema sasa nilale kidogo, tarumbeta ya kupandisha bendera inaniamsha. Mpigaji huyo ana tabia moja: noti ya mwisho, ile ya juu, haachi ianguke. Anaishikilia, anaivuta kidogo, ndipo anaishusha taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Nimemlaani tangu Februari na sijawahi hata kumwona uso.

Mama amepiga simu kutoka Kisangani. "Bibiane, haukumaliza masomo? Docta ya meno anasoma nini tena?" Nimemweleza kwa mara nyingine kwamba jeshi linataka daktari wa meno anayeweza kila kitu peke yake: kung'oa, kutibu mzizi, kutengeneza meno ya bandia, kufunga kwa waya taya lililovunjika. Huko porini hakuna mwenzako wa kumtumia mgonjwa. Ndiyo maana nimewekwa mwaka mzima hapa Bunia, kwenye hospitali ya kambi, chini ya Komanda Kasereka, na Novemba nitasimama mbele ya jury, jopo la watahini, na kazi zangu zote. Nikifaulu vizuri nitapelekwa Kinshasa.

Kazi zote ninazo isipokuwa moja: kutengeneza upya meno ya mbele. Hiyo sijaipata. Askari wa Ituri haji kwa daktari kutafuta urembo. Anakuja akiwa ameshika shavu, na Komanda anasema, "Tosha hiyo, ng'oa, mwingine aingie." Anang'oa kama mtu anayevuna mihogo. Sitaki kuwa daktari wa namna yake.

8 Agosti

Mvua. Magego matatu, yote yameoza. Umeme ulikatika koleo likiwa mdomoni mwa mtu.

12 Agosti

Nimeipata!

Amekuja kaporali mmoja, Blanchard, kijana wa Djugu, mrefu, mwenye adabu iliyopita kiasi. Gego la chini lilikuwa linamuua. Alipofungua kinywa sikuangalia gego kwanza. Meno mawili ya mbele ya juu: la kushoto limekufa zamani, jeusi, limegeuka kando na kulala nyuma ya mwenzake, la kulia limemegeka pembeni. Kati yao pengo la kupitisha ukucha. Hata mtu asiyejua kitu angeona kwamba picha ya kabla na picha ya baada zingekuwa usiku na mchana.

Nilitibu gego. Kisha nikamuuliza, na ninaandika hapa jinsi tulivyosemezana kwa sababu nimefurahi.

"Caporal, haya meno ya mbele, hauoni haya nayo?"

"Kidogo, mama Lieutenant."

"Nitayachonga, nitaweka couronne mbili mupya, kofia za meno, nyeupe, zenye kunyooka. Haulipi kitu. Unakubali?"

"Affirmatif, Lieutenant."

Ndiyo ya kijeshi, hakusita hata kidogo. Kwenye kadi yake, upande wa kazi, pameandikwa "militaire", askari, kama kwenye kadi za wote. Nimeongeza kwa mkono wangu: kovu la zamani la duara, mdomo wa juu.

Kinywa chake kilikuwa daraja la tatu, maana yake hatumwi mbali mpaka atibiwe. Nikimaliza kitakuwa daraja la kwanza, kinywa cha kwenda popote.

13 Agosti

Komanda alizungusha karatasi yangu ya kuomba ruhusa mezani kama mtu aliyepewa mchuzi usio na chumvi.

"Ile jino inamuuma?"

"Hapana, mon commandant. Ilishakufa."

"Inamuzuia kukula?"

"Hapana."

"Sasa unatafuta nini mule?"

Nikamwambia kuhusu mzizi uliokufa, kwamba unaweza kuleta usaha siku moja, kwamba vitabu vinasema. Alinitazama kwa macho yake ya usingizi, akaweka saini. "Weye njo unasoma," akasema, yaani mwanafunzi ni mimi. Ni mvivu tu. Nikipewa hospitali yangu sitakuwa hivi.

19 Agosti

Nimechukua kipimo cha meno yake kwa plasta kabla ya kuanza, kisha nikachonga. Asubuhi nzima. Yale meno yaliyopinda sasa ni visiki viwili vidogo, vinavyosubiri kofia zao. Nimemwekea za muda. Hakulalamika hata mara moja. Machozi tu yalimtoka pembeni, nami nikayafuta kwa pamba.

Micheline, anayetengeneza meno ya bandia kwenye chumba cha nyuma, amefurahi kuliko mimi. Miaka yote hapa kazi yake ni meno ya wazee wasio na meno. "Docta, hii nitaifanya na roho yangu yote," amesema.

23 Agosti

Mvua ya mawe. Njia ya Nyankunde imekatika, dawa ya ganzi haijafika. Mpiga tarumbeta wa asubuhi amebadilishwa, nadhani. Huyu mpya anakimbiakimbia, noti ya juu hata haigusi. Nimelala vizuri.

28 Agosti

Leo tumeweka couronne. Nilimpa kioo. Alijitazama muda mrefu, akafunga mdomo, akaufungua tena. Kisha akacheka, na mkono wake ukaenda kinywani kujificha kwa mazoea, ukafika nusu, ukarudi chini. Micheline alipiga makofi. Hata Komanda alichungulia mlangoni akasema, "Kweli, ni kazi."

"Iko muzuri, Caporal?"

"Affirmatif, Lieutenant."

Mchana mama yake amekuja, mama Bernadette, mkimbizi kutoka Djugu anayekaa na mwanawe chumba kimoja huko mtaa wa Ngezi. Alikuwa na shamba. Sasa anauza makaa sokoni. Ameniletea viazi vitamu vimefungwa kwenye kitenge. "Mutoto yangu alikuwa anacheka na mukono mu kinywa tangu akiwa mudogo. Leo nimeona meno yake yote. Mungu akubariki, docta." Niliona aibu kuvipokea, lakini nilivipokea, na ni vitamu kweli.

2 Septemba

Picha zimeingia kwenye dosye yangu, faili la mtihani. Sijafurahi hivi tangu nifike.

Asubuhi tarumbeta mbaya tena. Nimemuuliza Micheline kama fanfare, bendi ya kambi, sasa inafundisha watoto. Amesema hajui, huamka baada ya bendera.

6 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Tumemzika sajini mmoja wa usafiri aliyekufa njiani. Maofisa wa hospitali tuliambiwa twende. Mvua ilikuwa imepungua lakini udongo ule mwekundu ulishika viatu, na wabebaji waliteleza, wakasimama, wakateleza tena. Mjane alikuwa amekaa chini kwenye tope, wanawake wawili wamemshika. Kisha mkuu wa fanfare, Ajida Léon, akatoa ishara, na mtu mmoja akatoka mstarini na tarumbeta.

Alikuwa Blanchard.

Nilipomwona nilitabasamu. Lazima niandike hilo. Nilifikiri: tazama, kumbe ni mpigaji, na wote wataona meno yangu. Akainua tarumbeta, akaiweka midomoni, akaisogeza, akaisogeza tena kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo. Noti mbili za kwanza zilitoka na hewa. Ya tatu ilipasuka. Alisimama, akavuta pumzi, akaanza upya, ikatoka sauti ya bomba ambalo maji yamekatika. Mtoto mmoja alicheka, akapigwa kofi. Mjane aliinua kichwa akatazama ni nini hicho.

Noti ya mwisho haikutoka kabisa. Tulisimama tumepiga saluti tukiisubiri. Blanchard alibaki na tarumbeta mdomoni, mashavu yamejaa, shingo imevimba, na hakuna kitu. Ajida alimgusa begani. Ndipo nilipoelewa ni nani aliyekuwa ananiamsha tangu Februari, na kovu la duara kwenye mdomo wake lilikuwa kitu gani.

7 Septemba

Kabla sijafungua mlango vizuri Ajida Léon alikuwa ameshafika, na Blanchard nyuma yake. Ajida ni mtu mfupi, mvi zote, sauti ya chini. Aliweka tarumbeta kwenye sinia yangu, katikati ya vioo na koleo.

"Mama Lieutenant, hamukujua huyu anafanya kazi gani?"

"Hapana."

"Huyu njo clairon wetu, mwenye kupiga tarumbeta. Alianza mu fanfare ya paroasi, kule kanisani, mutoto mudogo, na yale meno yake. Ile moja yenye ilikuwa imelala nyuma, njo mdomo ilikuwa inakaa pale. Embouchure, mudomo ya tarumbeta, ilipata nyumba yake. Sasa muliweka ukuta."

Nilimgeukia Blanchard. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Hamukuniuliza, Lieutenant."

"Nilikuuliza kama unakubali!"

Alitazama viatu vyake. Ajida ndiye aliyejibu, kwa upole ulioniumiza kuliko kelele. "Mama, weye uliona wapi lieutenant anauliza na caporal anasema non?"

Amepiga vibaya tangu zile za muda. Alidhani ni mdomo haujazoea, alijifungia kwenye choo cha kambi akifanya mazoezi mpaka akatoka damu. Asubuhi walikuwa wanamwomba Gaël wa ngoma ajaribu badala yake. Haya yote yalifanyika mita chache kutoka dirisha langu, nami nikawa nalala vizuri.

9 Septemba

Meno niliyoyachonga hayarudi. Hilo halina dawa. Lakini naweza kupasua couronne na kuweka nyingine zilizopinda kama zamani, nikiwa na kile kipimo cha plasta.

Nimeingia chumba cha nyuma. Tangu ile mvua ya mawe bati la kona linavuja, na rafu ya vipimo iko chini yake. Plasta ya Blanchard imekunywa maji wiki zote hizo; meno ya mbele yamelainika na kulika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Micheline alikuwa amesimama na ndoo mkononi, anasema, "Niliita fundi, docta, niliita mara ngapi." Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita hapo kila siku bila kutazama, kwa sababu cha "kabla" hakikunihusu tena. Nimebaki na picha, na picha ya mbele haionyeshi jino limelala nyuma kiasi gani.

11 Septemba

Nimepasua zile couronne. Micheline hakutaka kuangalia. Nimeweka résine, ile laini inayoganda kwa taa, na kuijenga kidogo kidogo: pinda, acha pengo, rudisha nyuma. Mimi niliyesoma miaka yote kunyoosha, sasa natafuta namna ya kupinda. Kila nikiongeza kitu Blanchard anapuliza. Wagonjwa kwenye benchi nje wanacheka, wanasema docta ameleta ng'ombe ndani.

"Iko muzuri?"

"Affirmatif, Lieutenant."

Haikuwa nzuri. Hata mimi niliisikia.

15 Septemba

Tena. "Affirmatif." Ajida Léon, mlangoni, anatikisa kichwa.

18 Septemba

Tena. Mvua haikuacha tusikie kitu.

20 Septemba

Tena. Nimempigia kelele, kisha nikaona aibu. Namna gani mtu atengeneze kitu asichokisikia, kwa mgonjwa ambaye amefundishwa kwa fimbo na kwa mshahara kwamba jibu ni moja tu? Nilichokiita kukubali kwake, tarehe kumi na mbili Agosti, kilikuwa ni kisigino kugonga kisigino.

25 Septemba

Leo nimevua koti lenye cheo, nikalitundika nje ya mlango, nikabaki na fulana. Blanchard aligeuza uso kana kwamba nimevua nguo zote.

"Leo hakuna Lieutenant hapa. Ongea na miye kama dada yako mukubwa."

"Kwetu hata dada mukubwa hatumukatalie."

"Basi kama mudogo wako. Mudogo mwenye kichwa ngumu."

Alicheka kidogo. Nikaongeza résine upande wa kushoto, akapuliza.

"Iko muzuri?"

Jasho lilimtoka puani. Halafu, chini sana: "Hapana."

"Wapi?"

"Hii iko mbele sana. Irudi ndani. Bado. Bado... hapo. Na hii ya kuume, pembe yake ilikuwa inakata kidogo. Mulitosha ile pembe."

"Hivi?"

"Hapana."

Tulikaa hivyo mpaka mchana, yeye akisema hapana na mimi nikichonga, na kila hapana ilinifurahisha kuliko sifa zote za Agosti. Ulimi wake unakumbuka kile ambacho plasta imesahau. Mwishoni noti za chini zilitoka safi, za katikati zikatoka. Ajida Léon alivua kofia. Ya juu bado.

29 Septemba

Ya juu bado.

3 Oktoba

Amri imesomwa kwenye gwaride. Kampuni moja itapanda kwenye position, kituo cha mbele cha vita, upande wa Djugu kabla ya mwisho wa mwezi, na kila huduma inatoa watu. Fanfare inatoa wawili, wasio na chombo wanachokipiga sawasawa. Kila mtu alijua jina la kwanza.

Kazi ya fanfare ndiyo iliyomweka Blanchard mjini na mama yake. Nimemwondolea kazi hiyo kwa mikono yangu, nikiimba wimbo wa kanisani huku nachonga. Nakumbuka hata wimbo.

5 Oktoba

Mama Bernadette amekuja. Nilitaka anitukane. Alikaa pembeni ya kiti cha wagonjwa, mikono yake myeusi kwa makaa, akazungumza kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Docta, mumurudishie ile ya zamani. Miye ninamupenda na ile. Akicheka na mukono mu kinywa, haina neno."

"Mama, niko najaribu."

"Kule wanamupeleka, njo kule tulikimbia."

Aliondoka akanishukuru, nami nimekaa kwenye kiti hicho cha wagonjwa nikalia mpaka Micheline akafunga dirisha ili watu wasisikie.

8 Oktoba

Nimepata habari kwa Micheline, si kwa mwenyewe: Komanda Kasereka alienda jana kwa kolonel, kwa miguu, katika mvua, kumwombea Blanchard. Alimwambia kosa ni la hospitali, hospitali ni yeye, aliyeweka saini ni yeye. Kolonel alimwambia arudi kwenye meno yake.

Nilimkuta leo anakausha viatu juu ya jiko. Nilitaka kumshukuru.

"Acha," akasema. "Nilikuuliza inamuuma, ukasema hapana. Pale njo nilipaswa kukunyima. Lakini nilikuwa nimechoka, na weye ulikuwa na furaha."

Nilidhani anang'oa kwa uvivu. Nimemtazama wiki hii: anamuuliza kila mtu kinachomuuma, anagusa hicho, anaacha vingine. Miezi yote niliita hilo uvivu.

10 Oktoba

Résine imevunjika akipuliza. Tumejenga tena. Ya juu imetoka mara moja, nyembamba, ikakatika. Tulitazamana kama wezi.

14 Oktoba

Leo ukaguzi wa vinywa vya wanaopanda. Mimi ndiye ninayeandika daraja. Wamepita mmoja mmoja, na Blanchard akawa wa mwisho; nadhani alijiweka mwisho makusudi.

Nilifunga mlango. Nikamwambia: "Kazi yako haijaisha. Ile ya mbele ni ya muda. Naweza kuandika tatu, na haitakuwa uongo. Utabakia."

"Na nafasi yangu?"

"Watatafuta mwingine."

"Mu fanfare wamebaki nani, Lieutenant? Gaël. Bibi yake amezaa mapacha. Anapiga ngoma tu, na tarumbeta anajaribu."

"Blanchard, mama yako..."

"Hapana."

Alisema kwa sauti ya kawaida, akinitazama usoni, bila kisigino kugonga. Nilikuwa nimemfundisha neno hilo ndani ya chumba hiki, nikiwa na fulana, nikifurahi. Nilirudia mara mbili. Hapana, na hapana. Ndipo nikaandika moja. Kalamu ilikuwa nzito, na aliisubiri hadi mwisho, kisha akasema asante.

20 Oktoba

Wamepanda malori asubuhi. Nimempa kipande cha résine, taa ndogo ya betri, na nimemwonyesha namna ya kubandika ikitoka. Amechukua tarumbeta yake ya zamani. Ajida Léon amefumba macho, ingawa ni mali ya fanfare. Nimemwambia akipata mtandao anirekodie akipiga. Mama Bernadette hakupunga mkono, alishika tu ubao wa lori mpaka likamponyoka.

24 Oktoba

Mvua.

2 Novemba

Mvua. Nimejifunza maswali ya jury, sikumbuki hata moja.

7 Novemba

Kazi za kila siku. Kabla ya kugusa mtu namuuliza anafanya nini na kinywa chake. Sajini mmoja amenijibu, "Ninakula, Lieutenant," na benchi zima likacheka. Nimecheka nami. Nimechelewa kuuliza, lakini nauliza.

13 Novemba

Jury. Makolonel watatu, wawili kutoka Kinshasa. Taya nililolifunga kwa waya wamelipita haraka. Walipofika kwenye meno ya Blanchard wakasimama. Ya kabla, ya baada. Mmoja aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha. "Magnifique," akasema. "Na mgonjwa ameridhika?"

Komanda Kasereka alikuwa amekaa nyuma. Hakuinua kichwa.

Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Nilikuwa nimeirudia usiku kucha: kwamba hayo meno hayapo tena, kwamba niliyapasua mwenyewe, kwamba alikuwa mpiga tarumbeta. Nikasema: "Yuko kwenye position, mon colonel."

"Muzuri. Kinywa kama hiki kinaenda popote." Wakaandika. Nimefaulu kwa distinction, alama za juu. Nitapelekwa Kinshasa, ndege ya alhamisi.

Komanda alinipa mkono nje, kwenye varanda, mvua ikitumwagikia mabegani. Angenikaripia kwa jibu lile, ingekuwa afadhali.

15 Novemba

Nimefunga valise yangu ya safari. Micheline ameniletea kitenge, Ajida Léon amenisalimu kwa mbali. Asubuhi Gaël amepiga tarumbeta ya bendera. Sasa anajua, na noti ya juu anaifikia, lakini anaiachia haraka kama kitu cha moto. Nimesimama dirishani mpaka mwisho. Niliyemlaani miezi yote ningempa distinction yangu ili aniamshe mara moja tu.

17 Novemba

Mchana simu imelia. Rekodi, kutoka kwa Blanchard.

Kwanza upepo, na mbwa, na mtu anayekohoa. Kisha tarumbeta. Ile ya bendera. Za chini zilitoka, za katikati zilitoka na mchanga kidogo. Nilikuwa nimesimama bila kujua. Ya juu ikaja, nyembamba, akaishika, nikasema moyoni ishike, ishike, ikapasuka. Mtu alicheka kule nyuma. Halafu sauti yake, karibu sana na simu:

"Lieutenant, najua mutauliza. Hapana. Haiko muzuri. Ile ya kushoto imetoka tena, niko nayo mu mufuko. Miye peke yangu siwezi kuibandika. Mutakuya lini?"

Nimeisikiliza hadi betri ikaanza kulia. Hakuna hasira ndani yake, nimeitafuta. Amejibu tu swali, kama nilivyomwomba, na mimi mbele ya jury sikuweza kufanya hata hivyo.

Nimeenda kwa Komanda. Alikuwa anang'oa jino, nilisubiri amalize. Nikamwambia ndege ya alhamisi siitaki, nataka nafasi kwenye gari linalopeleka vyakula position. Nikamwambia pia najua résine haitamrudishia ile noti, wala haitamshusha mjini. Na nikamwambia nitawaandikia jury ukweli. Aliosha mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Gari inatoka lundi, Jumatatu. Njia ni mbaya. Beba buti."

Kisha nikashuka Ngezi, kumuuliza mama Bernadette kama ana kitu cha kumpelekea mwanawe. Akaingia, akatoka na viazi vitamu vimefungwa kwenye kitenge kama kile cha Agosti, akanipa bila kuniita docta.

Nimefungua valise tena. Taa, résine na sinia viko juu, viazi kando. Nimemwandikia Blanchard kwenye simu neno moja: lundi. Bado simu haijaonyesha kwamba limefika.